Siku mbili Burj Al Arab: jibu kwa mwalimu wa Lindi

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lindi na mume wangu. Kijana wetu anafanya kazi Muscat, na mwaka huu ametulipia kulala siku mbili katika hoteli ya Burj Al Arab, Dubai, mwezi wa Novemba. Tunamshukuru Mungu, lakini usingizi umeniruka. Hatujawahi kulala hoteli kubwa kuliko zile za semina. Mzee anasumbuliwa na magoti. Sijui tuvae nini, tutoe bakshishi kiasi gani, nini ni cha kulipia na nini kimeshalipiwa. Naogopa kumwaibisha mtoto, naogopa pia kumwachia bili nyingine. Na kusema kweli, nikiifikiria fedha yenyewe nakosa raha. Naomba ushauri.

Jibu: Shikamoo Mwalimu.

Kabla sijarudi nyumbani kufundisha vijana kazi ya hoteli, nilikuwa nahudumia wageni katika hoteli kubwa za Ghuba. Hofu unayoisema naijua, maana nimeiona kwa wageni wengi ambao hata hawakuitamka. Wapo wazee wawili kutoka mwambao huu huu wetu ambao siwasahau. Walikuwa wamelipiwa na mtoto wao, kama ninyi. Kila asubuhi mabinti wa usafi walikuta kitanda kimeshatandikwa, mataulo yamefuliwa kwa mkono na kuanikwa kwenye ukingo wa bafu, na taka zimefungwa vizuri kwenye mfuko. Kengele ya kumwita mhudumu hawakuigusa. Siku ya kuondoka mama alinivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli mtu angeweza kuletewa chai chumbani. Siku zote mbili walikuwa wakinywa maji na kula biskuti walizotoka nazo nyumbani, na chai ilikuwa imeshalipiwa.

Basi karibu yote nitakayokuandikia hapa yanaelekea kwenye jambo moja: ulizeni, na agizeni. Kijana wenu amewanunulia muda wa watu na mikono yao. Marumaru na dhahabu mtaviona hata mkikaa kimya, ila watu hawatawafaa kitu kama hamkuwatuma.

Kwanza mjue mnakokwenda. Burj Al Arab ilifunguliwa Desemba 1999, juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono ya watu, mita 280 kutoka ufukwe wa Jumeirah. Msanifu wake, Mwingereza Tom Wright, aliichora kwa umbo la tanga la chombo lililojaa upepo, na aliitoa nje baharini ili kivuli cha jengo refu vile kisiwaangukie watu wanaoota jua ufukweni. Urefu wake ni mita 321. Mzee akiuliza imesimamaje juu ya mchanga, mwambie imeshikwa na nguzo 230 za zege, kila moja ikiwa na urefu wa mita 40, na nguzo hizo zinang'ang'ania mchanga kwa msuguano tu. Ule upande mweupe unaoonekana kama tanga ni kitambaa kweli: nyuzi za kioo zilizopakwa teflon, cheupe mchana, na usiku humulikwa kwa taa za rangi.

Mtasikia inaitwa hoteli ya nyota saba. Jina hilo lilitokana na waandishi wa habari tangu siku za mwanzo, na hakuna chombo kinachotoa nyota saba. Daraja rasmi linaishia tano. Nakwambia hivyo ili usiingie pale ukidhani umefika mahali ambapo watu hawakosei. Chai inaweza kuchelewa, jina linaweza kuandikwa vibaya, na ikitokea hivyo mna haki ya kusema.

Mkiingia mlangoni, msiwe na haraka. Simameni muangalie juu. Ukumbi wa katikati unapanda zaidi ya mita 180 bila kitu katikati yake, huku roshani za kila ghorofa zikibadilika rangi kadiri macho yanavyopanda. Chini kuna chemchemi ya maji yanayorushwa na kucheza, na pembeni, ngazi za umeme zinapita kati ya matangi makubwa ya samaki. Aliyepamba ndani ni Khuan Chew, na wapo wanaosema alizidisha rangi na dhahabu. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayetoka kwenye lile jua jeupe la Dubai akaingia mle ndani, rangi zile humpumzisha macho. Dhahabu yenyewe ni ya karati 24, imetandazwa kwenye eneo la mita za mraba kama 1,790, lakini ni dhahabu ya kupondwa ikawa utando, unene wake sehemu moja tu kati ya sehemu elfu kumi za milimita. Kwa hiyo msiogope kuegemea nguzo. Msichokonoe kwa kucha tu.

Sasa magoti ya mzee, na hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu watoto wanaolipia wazazi wao mara nyingi hili hawalijui. Burj Al Arab haina chumba cha kawaida. Hoteli ilipofunguliwa ilikuwa na vyumba 202, na kila kimoja ni kama nyumba ndogo ya ghorofa mbili: kidogo kabisa kina mita za mraba 170, kikubwa kabisa 780. Sebule iko chini, kitanda na bafu kubwa viko juu, na kati yake kuna ngazi ndani ya chumba. Ni nzuri kwenye picha, lakini kwa mtu wa magoti ni kazi. Lifti ya ndani ipo kwenye kile chumba cha kifalme, na hicho tukiache.

Mwambie kijana aiandikie hoteli sasa hivi, asisubiri Novemba, aseme wazi kwamba mgeni mmoja ni mzee anayesumbuliwa na magoti. Aombe chumba ambacho ngazi zake ni nyepesi kuliko vingine, aombe kigoda cha kukalia wakati wa kuoga na mkeka wa kuzuia kuteleza. Haya ni maombi ya kila siku, hakuna atakayeshangaa. Halafu ninyi wenyewe pangeni siku yenu ili mzee apande mara moja tu, usiku. Chini kuna choo. Dawa zake, miwani, chaja ya simu, koti na viatu vyake vikae sebuleni. Akitaka kulala mchana, makochi ya pale ni mapana kuliko vitanda vya hoteli nyingi. Ombeni shuka na mto, mtaletewa. Na lile bafu la kujaza maji, ambalo mtalikuta linang'aa kama kito, mzee asiliingie kama hana wa kumshika mkono wakati wa kutoka. Ukingo wake uko juu na marumaru ikilowa haina huruma. Atumie bomba la mvua.

La pili ni saa. Hoteli nyingi, na hii ni mojawapo, hutoa chumba saa 9 alasiri na kukitaka saa 6 mchana. Ukipiga hesabu, siku zenu mbili ni saa 45, na ndani yake mtalala usingizi mara mbili. Ndege yenu kutoka Dar ikitua Dubai usiku, halafu mkaenda moja kwa moja Burj Al Arab, mtafika mmechoka, mtalala, na karibu nusu ya siku ya kwanza itakuwa imeshaliwa. Mimi ningekuwa kijana wenu, usiku wa kwanza ningewalaza Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, kwenye hoteli ya bei ya kawaida. Ndiko wanakofikia wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, na kwenye barabara zenye maofisi ya mizigo huko Kiswahili utakisikia. Mkiamka na kunywa chai, mchukue teksi mfike Burj mnamo saa 5 au 6 mchana. Chumba kikiwa tayari mnaweza kupewa mapema. Kikiwa bado, mizigo itapokelewa, nanyi ulizeni kama mnaweza kwenda kukaa kwenye bwawa huku mnasubiri. Hapo saa zenu 45 zitakuwa kamili, na zaidi kidogo.

Mkikaribia, kwenye daraja la kuingilia kisiwani kuna geti na walinzi. Hawaruhusu mtu kupita tu kutazama. Wanataka kujua kama una nafasi. Msishtuke teksi ikisimamishwa. Mkae na pasipoti mkononi na karatasi yenye namba ya nafasi yenu, na mhakikishe majina yaliyoandikwa ni yale ya kwenye pasipoti. Kama nafasi iko kwa jina la kijana peke yake, arekebishe mapema. Wazee wengi huanza vibaya hapo getini, na kosa si lao.

Tuje kwenye pesa, maana ndiyo iliyokunyima usingizi.

Mkifika mtaombwa kadi ya benki kwa ajili ya dhamana. Hoteli hushikilia kiasi fulani kwenye kadi, ikisubiri kuona kama mtatumia kitu cha ziada, na mkiondoka inaachia. Kwa kadi za mkopo hilo halina shida. Kwa kadi zetu za kawaida za kutolea fedha, kiasi kile hupungua kwenye akaunti kama kimetumika, na kinaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi. Usitoe kadi yako ya pensheni. Kijana aiombe hoteli fomu ya idhini ya kadi, aijaze na kuirudisha kabla hamjasafiri, ili dhamana ikae kwenye kadi yake. Kwenye fomu hiyo aandike inalipia nini: chumba peke yake, chumba na chakula, au kila kitu, na kama anataka, aweke kikomo. Wewe nawe umuulize bila kuona haya: "Baba, umetuwekea kiasi gani cha kula na kunywa?" Akikutajia, hofu yako ya bili imekwisha, kwa sababu mtajua mpaka wenu uko wapi.

Kingine aulize kama bei aliyolipa ina kodi ndani yake. Dubai kuna tozo ya huduma asilimia 10, ya manispaa asilimia 7, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 5. Zote zikipandishwa juu ya bei ya chumba kama kile si fedha ndogo. Juu ya hizo kuna tozo ya utalii, dirham 20 kwa chumba kimoja cha kulala kwa kila usiku katika hoteli za nyota tano, ambayo mara nyingi hulipwa palepale. Kwenu ninyi itakuwa dirham 40, kama dola 11. Kwenye migahawa, angalia maneno madogo chini ya orodha ya vyakula. Kwa kawaida yanasema kodi na tozo zimeshaingizwa kwenye bei.

Na yale makabati ya vinywaji chumbani: kabla hujafungua chochote, muulize mhudumu, "Kipi hapa kimo ndani ya bei?" Atakuonyesha kimoja kimoja. Kuna hoteli ambazo chupa ikiinuliwa tu mashine inaandika, hivyo msivisogeze ili kuweka dawa zenu baridi. Ombeni friji iwekewe nafasi. Sabuni, manukato na mafuta ya bafuni (kwa miaka mingi yamekuwa ya Hermès, kampuni ya kifahari ya Ufaransa) ni yenu, bebeni. Kandambili za kitambaa nazo ni zenu. Joho la kuogea na mataulo ni ya hoteli.

Sasa mapokezi. Mtapewa taulo la uvuguvugu, maji ya waridi, tende na kahawa ya Kiarabu. Haya kwetu si mageni, ila kahawa yao ni nyepesi, ina iliki, na rangi yake inakaribia manjano. Pokea finjani kwa mkono wa kulia. Ukiirudisha hivi hivi utajaziwa tena. Ukitosheka, itikise kidogo. Halafu hamtasimama foleni kwenye kaunta kubwa. Kila ghorofa ina mapokezi yake madogo na wahudumu wake usiku na mchana, na makaratasi mtasainia mkiwa mmekaa chumbani.

Atakayewapeleka ndiye mhudumu wenu binafsi, na hapa ndipo nataka ukae vizuri unisikilize. Atawazungusha chumba kizima. Wageni wenye haya humwambia "asante, tutaona wenyewe," wakitaka aondoke haraka, halafu usiku wanalala taa zinawaka kwa sababu hawakujua zinazimwa wapi. Msimwache aondoke. Mwambie akuonyeshe namna ya kuzima taa zote kwa pamoja, mapazia yanavyofunguka kwa kitufe, na namna ya kupata maji ya moto yasiyounguza. Bonyeza kitufe wewe mwenyewe mbele yake, si kumtazama tu akibonyeza. Kisha mwambie aweke kiyoyozi nyuzi 24. Viyoyozi vya Ghuba ni vikali, na mzee mwenye magoti akilala kwenye baridi ile ataamka hawezi kunyanyuka. Beba kanga zako mbili tatu na sweta la mzee, hata kama watu watakwambia Dubai ni joto.

Baada ya hapo, mtumie. Wewe umezoea kumtuma kiranja akalete chaki, na hakuna aliyeona umemdhulumu; ndiyo kazi yake na anaifanya kwa fahari. Mwambie atoe nguo kwenye masanduku na kuzitundika. Mwambie kanzu ya mzee imejikunja, ipigwe pasi. Viatu vipigwe rangi. Ulizia orodha ya mito, maana ipo: laini, migumu, ya kushika shingo, na ninakushauri mzee aombe mto wa ziada wa kuweka chini ya magoti. Mwambie saa ngapi asubuhi mnataka chai, na ya namna gani. Ukitaka ya maziwa yenye tangawizi na iliki, eleza inavyopikwa: maziwa yachemke pamoja na majani, si maziwa baridi pembeni. Jikoni mle wamo wapishi kutoka India na Pakistan ambao chai hiyo wameinywa tangu utotoni, na nimeona wakifurahi kuagizwa. Gharama ya kila kitu uliza kabla, kwa sentensi fupi: "Hili ni bila malipo?" Hakuna mhudumu mwenye akili atakayekudharau kwa swali hilo. Matajiri wakubwa niliowahudumia waliliuliza kuliko watu wote.

Wafanyakazi wa hoteli za Dubai wametoka pande nyingi za dunia, na Wakenya, Waganda na Watanzania wamo: mlangoni, kwenye ulinzi, kwenye migahawa. Ukisikia lafudhi ya kwetu, salimia. Utaona uso unavyofunguka. Ila usimuulize mshahara wake mbele ya wenzake, na usimweke kwenye maongezi marefu akiwa zamu, msimamizi anaangalia.

Kwa ibada msiwe na wasiwasi wowote. Kibla kimewekewa alama chumbani, mswala na Kurani mtaletewa mkiomba, na chooni kuna bomba la kutawadhia. Kumbukeni tu kwamba kwetu Lindi tunaelekea kaskazini, lakini Dubai mtaelekea magharibi. Wazee husahau wakiamka alfajiri gizani. Na udi, Mwalimu. Najua mama wa mwambao hasafiri bila udi wake. Usiwashe chetezo chumbani, wala mkaa, wala jiko la umeme la chai. King'ora cha moto kitalia, na watakuja watu. Mwambie mhudumu unapenda chumba kifukizwe. Waarabu nao ni watu wa udi, watafanya wao kwa vifaa vyao.

Mavazi hayanipi shida kabisa. Gauni lako la kitenge lililoshonwa vizuri, au buibui safi, na kanzu na kofia ya mzee, vinatosha kuingia mgahawa wowote mle ndani. Kanzu pale ni vazi la heshima. Wanaosumbuliwa mlangoni ni wenye kaptula na kandambili wakati wa chakula cha usiku. Vazi la kuogelea la kujisitiri si kitu kigeni Dubai.

Chakula: kama kifungua kinywa kimelipiwa, kifanyeni ndicho mlo wenu mkubwa, kaeni hata kwa muda wa saa mbili. Chagueni mlo mmoja mwingine wa kukumbuka. Ningewachagulia chai ya alasiri pale Sahn Eddar, chini kabisa ya ule ukumbi mrefu, kuliko chakula cha usiku huko Al Muntaha ghorofa ya 27. Al Muntaha iko mita 200 juu ya bahari na mandhari yake ni ya ajabu, lakini chakula cha Kizungu cha sahani nyingi ndogo ndogo, muda wa saa tatu mezani, sidhani mzee atakifurahia. Mkitaka kuona mandhari ya juu, ombeni mhudumu awaulizie kama mnaweza kupanda kutazama. Juu huko ndiko kwenye uwanja wa helikopta ambapo Federer na Agassi walicheza tenisi mwaka 2005. Uma na visu visikutishe: anza na vya nje, nenda ndani kadiri sahani zinavyokuja. Ukitaka kula kwa mkono, kula kwa mkono. Mko Uarabuni, na maji ya kunawa yataletwa. Usiku mwingine mnaweza kuagiza supu na mkate chumbani, mkala sebuleni miguu ya mzee ikiwa juu ya kiti.

Bakshishi si lazima, kwa kuwa tozo ya huduma imeshaingia kwenye bili. Lakini inapokelewa kwa shukrani. Kwa kipimo changu, dirham 10 au 20 kwa aliyebeba mizigo, na 100 kwa mhudumu wenu mwishoni, kama amewatunza, ni heshima tosha. Mkiwa hamna, kuna kitu kinachompa faida kubwa zaidi, nawe unaweza kukifanya kuliko wageni wengi: mwandikie barua meneja. Taja jina la mhudumu na jambo hasa alilofanya, siku na saa. Barua za namna hiyo huwekwa kwenye faili la mfanyakazi, na nimeona vijana wakipandishwa cheo kwa sababu yake. Andika hata kwa Kiswahili. Wa kuisoma watapatikana.

Hilo la kukosa raha kwa sababu ya fedha silipuuzi. Chumba pale mara nyingi kinazidi dola 1,000 kwa usiku, na mtu aliyeishi kwa mshahara wa ualimu ana kila sababu ya kushtuka. Kama moyo umekataa kweli, mwambie kijana leo, sio Oktoba. Nafasi nyingi za namna hii zinaweza kubadilishwa mapema, zikikaribia tarehe hazirudishwi. Njia ya kati ipo: mkae hoteli ya kawaida, kisha mwende Burj kwa chai tu, au kwa ile ziara ya kuongozwa ambayo hoteli ilianzisha mwaka 2021, ambapo mtu asiyelala pale anatembezwa ndani na kuonyeshwa chumba cha kifalme. Mtakuwa mmeiona kwa sehemu ndogo sana ya gharama.

Lakini ukiniuliza mimi, nendeni. Kijana hakutaka muione hoteli. Dubai imejaa hoteli na picha zake ziko kwenye simu yake. Ametaka kwa siku mbili mama yake asipike, asifue, asimpelekee mzee maji, na awepo mtu wa kumuuliza "unahitaji nini?" Ukienda ukatandika kitanda mwenyewe, fedha yake itakuwa imelipia ngazi na marumaru tu. Na asiulizwe bei mbele ya ndugu. Ukirudi mweleze ulikula nini, mto ulikuwaje, mzee alisema nini alipoona ule ukumbi. Hayo ndiyo atakayotaka kuyasikia.

Jioni ya kuamkia siku ya kutoka, omba bili uione kabla ya asubuhi, usome mstari kwa mstari. Kisichojulikana kiulizeni, kinafutwa kama si chenu. Ombeni kuchelewa kutoka, hata saa moja au mbili, hasa kama ndege ni ya jioni: jibu linategemea kama chumba kina mgeni anayekuja, na mara nyingi ni ndiyo. Wakikataa, mizigo itatunzwa bure, nanyi mtakaa chini ukumbini hadi muda wa kwenda uwanjani. Gari la hoteli ni zuri lakini lina bei yake. Teksi ya kawaida inaitwa mlangoni palepale, hakuna atakayewatazama vibaya. Kijana aangalie kadi yake baada ya wiki mbili. Dhamana ikiwa bado imeshikiliwa, awaandikie idara ya fedha ya hoteli akiambatisha bili mliyosaini, na aipigie benki yake siku hiyohiyo.